Barua Iliyomsalimu Mama Kwanza

Juzi nilimnunulia mwanangu kalamu za rangi, zile nene zenye kifuniko. Kabla sijampa nilifungua ile nyekundu nikainusa. Sijui wanatia nini humo, lakini harufu ni ileile, kali na tamu, na papo hapo nikajiona nimesimama kwenye gwaride la Ijumaa, soksi zimelowa, nikingoja mwalimu mkuu asome jina langu juu ya bahasha.

Wenzangu wa rika langu mnazikumbuka barua zetu. Barua haikuwa barua kama haikupambwa. Pembeni kulikuwa na maua, mioyo iliyochomwa mishale, na safu za herufi za mkato ambazo hata aliyeziandika hakujua kirefu chake. Watu wazima waliziruka zote wakasoma katikati tu. Ni katika mapambo hayo dada yangu Chepkoech alificha maneno ambayo maisha yake yaliyategemea, na mimi, mtu pekee duniani wa kuyasoma, nilikaa nayo karibu wiki tatu nikiwa nimemnunia.

Mambo yalianza na mvua. Nyumbani kwetu ni juu kidogo ya Chepseon, na huko mvua ya mchana ilikuja kama iliyoandikiwa zamu. Ikianza kupiga mabati ya darasa, hata ukipiga kelele mwenzako wa dawati moja hakusikii. Walimu wengine walitumia saa hiyo kusahihisha madaftari. Mwalimu Wanjiru wa hesabu, ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakafungua duka sokoni kwetu kabla hajazaliwa, hakuweza kukaa bure. Alisimama ubaoni akawafundisha darasa la saba, bila kutamka neno hata moja, namna ya kuandikiana maneno ambayo mwingine hawezi kuyasoma.

Chepkoech alinifundisha jioni hiyohiyo tukimenya viazi. Aliandika CHAI nyuma ya daftari lake, na chini yake 4162, namba ya baba ya chai. Msomaji wa mijini huenda asijue: kila mkulima wa chai ana namba yake pale kituo cha kupimia majani, na mtoto yeyote aliyewahi kubeba kikapu aliijua ya kwao kabla ya kujua tarehe yake ya kuzaliwa. Namba ya baba ilikuwa imetoka kwa babu.

"Angalia," akasema. "C inaruka mara nne, inakuwa G. H inaruka moja, inakuwa I. A inaruka sita, inakuwa G. I inaruka mbili, K. Neno ikiwa refu, namba inaanza tena mwanzo."

Chini ya CHAI sasa palikuwa na GIGK. Nikamwambia amekosea, ameandika G mara mbili.

"Sijakosea. Hii G ni C, na hii ingine ni A. Ndiyo maana mtu akitaka kubahatisha ataumia kichwa. Lakini wewe uko na namba, kwa hivyo unarudi nyuma tu. Nne, moja, sita, mbili."

Nilirudi nyuma kwa vidole, G, F, E, D, C, na neno likajitokeza lote kwenye karatasi. Niliruka juu hadi nikamwaga maji ya viazi. Kisha nikamshika dada yangu mkono nikamlazimisha aape kwamba hatamfundisha mtu mwingine ujanja huo maisha yake yote, maana niliamini kwamba siri ni ule ujanja wenyewe.

"Wewe Chebet, watu arobaini wamefundishwa leo," akacheka. "Wacha dunia yote ijue. Kitu ya kuficha ni namba peke yake."

Sikumwelewa. Nilimwona mzembe wa siri, na niliendelea kumwona hivyo kwa miezi mingi.

Mwaka uliofuata, Chepkoech akiwa ndiyo anaingia darasa la nane, Senge alijifungua mapacha. Senge, kama tunavyomwita shangazi kwa Kipsigis, ni dada mkubwa wa baba, aliyeolewa upande wa Bomet. Mume wake alikuwa akifanya kazi mbali na nyumbani, na mtoto wake mkubwa, Kibet, alikuwa wa umri wangu. Akaomba msichana wa kumsaidia. Baba hangeweza kumkatalia. Babu alipofariki, Senge ndiye aliyeacha shule akachuma chai ili baba aendelee kusoma, na jambo hilo halikutajwa kwetu ila kwa sauti ya chini. Walikubaliana kwamba Chepkoech atasaidia asubuhi na jioni, na mchana atasoma shule iliyo karibu na pale, na ataandikishwa mtihani hukohuko. Aliondoka na sanduku lake la bati na vitabu vyote. Nililia hadi mama akanitishia mwiko wa ugali.

Barua yake ya kwanza ilikuja kupitia sanduku la posta la shule, kama barua zote za kwetu. Katikati aliandika kwamba wote ni wazima. Pembeni kulikuwa na herufi nyekundu nilizozirudisha nyuma kwa 4162, zikasema MAPACHA WANALIA KAMA MBUZI. Nilicheka peke yangu kwenye choo cha shule. Barua ya pili haikuwa na herufi hata moja, maua matupu. Sikuielewa, lakini sikujali sana.

Ya tatu baba aliisoma kwa sauti sebuleni, kama desturi yake, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Alianza vizuri, kisha akasimama.

"'Kwanza namsalimu mama. Baadaye namsalimu baba.'" Akairudia, akatutazama mmoja mmoja. "Hii ni nini sasa? Huko Bomet ndivyo wanafundishwa? Mama anatangulia?"

Mama alijifanya anatunga uzi kwenye sindano. Kila mtu kwetu alijua kwamba barua humsalimu baba kwanza, kisha mama, kisha kogo, bibi yetu, halafu watoto na ng'ombe. Baba alikerwa siku mbili nzima, na mimi nilikerwa kwa sababu nyingine. Herufi nyekundu zilikuwa zimerudi pembeni, safu ndefu inayozunguka karatasi yote. Zilianza VNUV PNUP. Nikazirudisha kwa namba ya baba, nikapata RMOT LMON. Nikajaribu tena na mwiko wa kupika mkononi, hadi ugali ukaungua. RMOT LMON. Si Kiswahili, si Kiingereza, si Kipsigis.

Hapa ndipo nilipofanya ujinga ambao hadi leo unanitia joto masikioni. Niliamua kwamba dada yangu ananicheza. Amepata marafiki wapya, nikajiambia, hana tena muda wa kuhesabu kwa ajili yangu, ameandika herufi zozote tu ili karatasi ipendeze. Mimi nikikasirika si mtu wa kukasirika kidogo. Nilimjibu kwa barua kavu isiyo na hata ua moja, mistari sita, kama barua ya karani wa mahakama. Kisha nikaikunja ile yake nikaitia chini ya godoro.

Karibu wiki tatu baadaye, siku ya Jumatano, mama alishikwa na mgongo akichuma, akanituma mimi na kikapu chake kituoni baada ya shule. Baba, tofauti na wanaume wengi wa pale, alikuwa amemwandikishia mama namba yake mwenyewe kwa ile michai ya karibu na kijito. Tuliita namba ya mama. Wanawake walikuwa wamepanga foleni, vikapu miguuni, wakichambua majani makavu na kuyatupa. Nilipofika kwenye mizani karani aliuliza bila kuinua macho:

"Namba?"

"Nne moja sita mbili," nikasema, kwa mazoea.

Jirani yetu Mama Cheruiyot aliyekuwa nyuma yangu alipiga kelele utadhani nimeiba. "Wee! Hiyo si kikapu ya mama yako? Si amechuma na mikono yake nikiona asubuhi? Unampea mzee majani ya mama?"

"Karani, usiandike!" akadakia mwingine. "Kila mahali baba anatangulia, hata kwa kikapu ya mama? Sema namba ya mama, mtoto!"

Foleni nzima ilicheka. Karani akafuta, akanitazama juu ya miwani. "Ingeenda kwa mzee, na hakuna mtu angejua. Haya. Namba ya mama."

"Tatu tano mbili saba," nikasema, na nikiwa bado natamka ile saba mwili wote ukanisisimka. Kila mahali baba anatangulia. Kila mahali, isipokuwa kwenye barua moja.

Sikumbuki kama nilichukua risiti. Nakumbuka nilikimbia na kikapu kitupu kikinigonga mgongoni, nikapita katikati ya ng'ombe wa watu, nikaingia chumbani nikainua godoro. V, rudi tatu: U, T, S. N, rudi tano: M, L, K, J, I. U, rudi mbili: S. V, rudi saba: O. Nikaendelea, kalamu ikitoboa karatasi. SISOMI. Sikusimama kupumua. SISOMI SIJAANDIKISHWA NJOO.

Nilikaa chini sakafuni. Furaha ya kuweza na woga wa nilichokisoma vilinijia kwa pamoja, nikawa nacheka na kulia. Dada yangu hakuwa amenicheza. Alikuwa ameniita, na mimi nilikuwa nimeilalia barua yake. Na majina ya mtihani, tuliambiwa kwenye gwaride, yalikuwa yanafungwa Ijumaa saa sita mchana.

Baba alikuwa chini ya paa la ghala akinoa panga. Nilimwambia mara moja, bila kuzunguka: "Baba, Chepkoech hasomi. Hata hajaandikishwa."

"Nani amesema?"

"Barua."

"Barua si nilisoma mimi? Inasema wako sawa."

Nikamwonyesha herufi nyekundu na hesabu zangu. Alizitazama, akaendelea kunoa. "Hata mimi nikikupea maandishi ya gunia ya mbolea, wewe utanitolea maneno. Hiyo ni yako. Umemkumbuka dada yako, basi umeyatengeneza."

"Sijatengeneza!"

"Chebet." Aliweka panga chini. "Unajua Senge ni nani kwangu? Unataka niende kwake nimwambie ni mwongo, juu ya maua ya mtoto?"

Hilo lilikuwa swali la mtu mzima. Ni mama, aliyekuwa ameegemea mlango akishika kiuno, aliyenijibia.

"Si umpime basi," akamwambia baba. "Wewe huwa hukubali hata majani bila mizani. Andika kitu yako mwenyewe, kitu mtoto hawezi kujua. Ufiche na hiyo namba yangu. Akisoma, ni kweli. Akishindwa, mimi mwenyewe nitamchapa."

Baba alinitazama, akaniambia nimweleze namna ya kufanya. Nikamweleza: tatu, tano, mbili, saba, kuruka mbele, kisha kuanza upya. Akachukua penseli na kipande cha kalenda ya zamani, akaingia ghalani akafunga mlango. Mvua ikaanza. Mimi na mama tulisimama nje tukisikiliza mabati. Alikaa humo muda mrefu kiasi kwamba mama aliketi juu ya ndoo. Mara moja mlango ulifunguka kidogo na kichwa cha baba kikatokea.

"Nikifika Z na hesabu haijaisha?"

"Unaingia A, Baba. Unaendelea kuhesabu."

Mlango ukafungwa. Alipotoka alinikabidhi kile kipande cha kalenda bila kunitazama, akasimama akiangalia mvua. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa na wa kubonyeza: QFOR XRDB NF.

Nilipiga magoti nikaweka karatasi juu ya ndoo. Ikabidi nianze mara mbili. N. A. M. K. Nilidhani ni jina la ng'ombe. U. M. B. Ile B ya mwisho nilirudi nayo saba, nikapitia A nikaingia Z na kuendelea hadi U. Nilipomaliza sikusoma kwa sauti mara moja, kwa maana baba yangu hakuwa mtu wa kusema maneno kama hayo. Sikuwahi kumsikia akiyasema kwa yeyote.

"Soma," akasema mama.

"Namkumbuka," nikasoma.

Baba hakugeuka. Mvua ilikuwa inapungua. Aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama anavyoitikia karani akitangaza uzito sahihi, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mama Chepkoech, koti langu iko wapi? Kesho natoka na gari ya kwanza."

Nilishinda. Hakuna siku nyingine ya utoto wangu niliyojiona mrefu kama siku ile, nikiwa nimepiga magoti mbele ya ndoo.

Tatizo la Senge na mapacha lilitatuliwa na kogo, mama yao wawili, ambaye hakuna aliyekuwa amefikiria kumuuliza. Alipoelezwa asubuhi alikasirika kuliko wote. "Mlituma mtoto ya shule, na mimi niko hapa nimekaa, naota jua? Hao si wajukuu wangu?" Akajifunga shuka, akabeba kibuyu cha maziwa ya mursik na kuku mmoja, akamtangulia baba kwenda barabarani.

Yaliyotokea Bomet niliyapata kwa Chepkoech baadaye. Senge hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka na hapakuwa na mtu wa kumpokezana, na kila Jumatatu alisema shule itaanza Jumatatu ijayo. Alisoma kila barua kabla haijafungwa, kama watu wazima wote wakati ule. Ile ya kwanza ilimpita. Lakini Chepkoech alipoandika ya pili, Kibet, ambaye naye alifundishwa mchezo huo shuleni kwao, alizitambua herufi. Hakujua namba, lakini mama yake alizaliwa katika boma letu na kubeba kikapu cha babu, na namba aliitaja hata usingizini. Wakaisoma mezani: SENGE ANANICHOSHA. Chepkoech alilala njaa siku ile, akaandika upya barua yenye maua matupu. Alipokuja kuandika ya tatu, Kibet aliichukua tena, akairudisha kwa 4162, akapata RMOT LMON kama mimi. Akaitupa mezani akisema ni mapambo tu.

"Na ulijuaje nitaelewa?" nilimuuliza.

"Nilijua baba atalalamika," akasema. "Baba akilalamika, nyumba yote inasikia. Nikasema hata Chebet atasikia." Akanifinya shavu. "Sikujua utachukua wiki tatu!"

Nikajitetea, nikashindwa, tukapigana kidogo. Hapo ndipo nilipoelewa alichoniambia siku ya viazi. Kibet aliujua ujanja wetu wote, mwanzo hadi mwisho, na alikuwa na barua mkononi, na bado alitoka kapa kwa sababu ya tarakimu nne za mama yangu.

Lakini hayo tulizungumza baadaye. Ijumaa yenyewe mimi nilikuwa darasani, macho barabarani, nikipigwa chaki na mwalimu kwa kutosikia. Ilipita saa nne, ikapita saa tano. Kengele ya saa sita ilikuwa inakaribia nilipowaona wanapanda mlima, baba na koti lake, sanduku la bati kichwani pake, na nyuma yake Chepkoech akiwa na viatu mkononi ili akimbie vizuri. Nilitoka darasani bila ruhusa. Sikujali kiboko.

Ofisini mwalimu mkuu alikuwa tayari anafunga faili. "Mzee, amekosa karibu muhula mzima," akamwambia baba. "Huyu ataniangushia shule."

Mwalimu Wanjiru alikuwa amesimama kando ya kabati. "Huyo?" akasema. "Huyo ndiye alinisumbua na maswali mpaka nikaanza kutafuta michezo ya kumpea. Mwalimu, mpe kalamu. Akianguka, mimi nitaulizwa."

Mwalimu mkuu alivuta pumzi, akafungua faili, akasukuma karatasi hadi ukingoni mwa meza. Chepkoech alijipangusa mikono kwenye sketi. Mikono ilikuwa imepasukapasuka kwa maji na sabuni ya nepi. Akaandika majina yake matatu kwa herufi kubwa, polepole, na hakuna hata herufi moja aliyoisogeza mbele. Mwalimu mkuu aliigeuza karatasi akalisoma jina kwa sauti, akapiga muhuri. Nami nikapiga kigelegele mle ofisini, peke yangu, kwa nguvu zote, mpaka madarasa mawili ya jirani yakaitikia.